Anayechimba Hapiki

Panya ndio waliotuhumiwa kwanza. Asubuhi ile Mbeyu alipofungua begi lake la bluu na kuona vidonge vya malaria vimepungua, alilikung'uta begi lote, akalipekua pembe kwa pembe akitafuta tundu. Tundu hakuna. Na ni panya gani huyo, jamani, ajuaye kubagua? Aache biskuti, aache pamba, aache glavu, achukue dawa ya homa tupu, kisha afunge zipu alipomaliza? Panya wa Utange ni wajanja, lakini hawajafika huko.

Mbeyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba, kumchoma kidole mwenye homa, kutia tone la damu kwenye kipimo, na kipimo kikisema malaria, ampe mgonjwa vidonge papo hapo na kumsisitizia avimalize vyote, hata akijisikia mzima. Dispensari ilimpa begi ikamwamini. Kila mwisho wa mwezi nesi msimamizi hukaa naye wakalinganisha dawa zilizotoka na watu waliopimwa. Mwezi uliopita hazikulingana. Nesi alimtazama kwa juu ya miwani akasema, "Mbeyu, angalia mambo yako." Basi, hayo tu. Lakini Mbeyu alitoka pale mgongo umelowa jasho, maana aliwajua watu walioanza kwa kuambiwa waangalie mambo yao, wakaishia kituo cha polisi kwa wizi wa dawa za serikali.

Na begi hilo, likiwa haliko begani mwake, lilikaa mahali pamoja tu: kwenye msumari, sebuleni kwa mama yake. Sasa pima mwenyewe. Nani huingia sebule ile? Kuna mama yake, Sidi, mjane, mtu wa kanisa, ambaye akiazima sukari kwa jirani huirudisha imezidi. Kuna Nduku, mpangaji wa chumba cha nyuma, Mkamba mwenye mtoto mchanga, ambaye huja kuchaji simu. Na kuna Katana, kakake Mbeyu wa tumbo moja, ambaye hula pale mchana na jioni, kiti chake kiko chini ya msumari wenyewe.

Mbeyu alianza na Nduku. Mtu hupenda mwizi awe wa mbali. Akawa kila Nduku akiingia, naye anapata la kufanya sebuleni: mara afagie, mara akunje nguo ambazo zimeshakunjwa. Nduku aliingia na simu akatoka na simu, mtoto mgongoni, mikono yote miwili yaonekana. Hakuna kitu. Akabaki Katana, na hapo Mbeyu akaanza kukosa usingizi, kwa sababu kwa Katana palikuwa na dawa.

Hiyo dawa tuieleze vizuri, maana ndiyo iliyoleta yote. Baba yao, marehemu mzee Kai, alikuwa na dawa ya homa iliyojulikana tangu Utange ikiwa mashamba na vichaka. Ni unga wa mizizi, rangi ya udongo mwekundu, mchungu wa kukunja uso hadi masikio. Na ilikuwa na mwiko wake: anayechimba hapiki, anayepika hachimbi. Mti waliujua wanawake, mkwe akimwonyesha mke wa mwanawe. Chungu walikijua wanaume, baba akimwachia mwana. Mzee Kai alipika miaka yote ya maisha yake na hakuwahi kuuona ule mti. Wazee waliokata shauri hilo hawakuwa wajinga. Walitaka dawa isishikwe na mtu mmoja akaringa nayo. Sidi alichimba, akakausha, akatwanga, akamkabidhi mumewe unga. Mbeyu hakuonyeshwa kitu. Binti huolewa, na mti ungehamia kwa watu.

Mzee alipofariki, chungu kikamwangukia Katana. Naye Katana wakati huo alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mpakuzi wa makontena Changamwe mpaka siku gunia lilipomwangukia mgongoni, na tangu hapo akawa wa kukaa kibarazani akitazama wenzake wakienda kazini. Mke wake alivumilia kidogo, kisha akarudi kwao Kaloleni. Dawa aliipika, lakini haikushika. Watu walikunywa na kurudi na homa yao vilevile, wakaanza kunong'ona kwamba chungu kimemkataa, kwamba si kila mtoto wa nyoka ni nyoka. Katana aliyasikia yote hayo, akawa anasalimia watu akitazama chini.

Kisha, ghafla tu, dawa ikashika! Mwenye homa ya leo, kesho yake yuko kisimani. Watu wakaanza kuja na chupa zao kutoka Junda, kutoka Kiembeni, wengine na pikipiki. Katana akanyooka mgongo. Akawa anaitwa mzee Katana, na umri wenyewe bado. Akicheka, kicheko kinafika barabarani.

Nawe hungefurahi, kama ni kakako? Mbeyu alifurahi mwanzoni. Kisha siku moja akachungulia chunguni, akaona unga si mwekundu kama wa zamani. Ulikuwa na umanjano. Akamtazama Katana vidole, navyo vilikuwa na umanjano kwenye kucha. Na vidonge vyake Mbeyu, vile vya begini, ni vya rangi gani? Manjano. Alisimama pale na upawa mkononi.

"Kaka, mbona unga umebadilika rangi?"

"Muulize mama, ndiye mchimbaji," alijibu Katana akikoroga. "Mimi napika ninachopewa. Labda ni mizizi michanga."

Jibu jepesi mno, Mbeyu alijiambia. Mwongo hodari hana maneno mengi. Tangu siku hiyo akawa hamtazami kakake ila kwa pembe ya jicho. Katana akiinuka mezani, Mbeyu anakwenda kupapasa begi. Katana akijifungia chumbani, Mbeyu anapita dirishani kwa miguu ya paka. Akihamishia begi kwake chumbani, vidonge havipungui, lakini chumba chake kilikuwa kinavuja, na mvua zikinyesha hana budi kulirudisha msumarini, na likirudi tu, vinapungua. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema moyoni, na kila aliposema hivyo alitaka kulia.

Wakati huo huo ndipo alipokuja Lynnette. Huyu alikuwa msichana mpole wa chuo kikuu, mtafiti wa miti ya dawa. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama shikamoo, akapewa chai. Akaeleza kwamba vidonge vya malaria vya hospitali, mahali pengine, vimeanza kuzoeleka na wadudu, na wao wanatafuta mti mwingine wenye kiini cha kuwaua. Amesikia sifa za dawa ya nyumba hii. Aliomba unga kidogo wa kupima, na zaidi ya hapo, aliomba aonyeshwe mti.

Bibi Sidi aliweka kikombe chini.

"Mti hauonyeshwi."

"Hatuji kuiba, mama. Jina la ukoo wenu litaandikwa, na makubaliano tutaweka mbele ya mwanasheria."

"Mwanangu, mwizi gani alobisha hodi akasema naja kuiba? Unga nitakupa, maana umekuja kwa adabu. Mti, hapana."

Katana akaruka pale, akasema, "Lakini mama, mwonyeshe! Mimi sitakiwi kuuona, nitabaki hapa. Mwende nyinyi wanawake. Huoni ni heshima ya baba hii? Dawa ya mzee Kai ipimwe na chuo kikuu!"

"Nimesema hapana, Katana." Na bibi akainuka, akaingia jikoni, hakutoka tena mpaka mgeni alipokwenda.

Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza hapo: mwizi anayetia vidonge kwenye unga, atashangiliaje unga upelekwe kupimwa? Lakini akili ya Mbeyu haikuwa imetulia. Yeye aliona ni ujanja mtupu. Unga mama ameshautoa, hawezi kuuzuia tena, ndiyo maana anapaza sauti. Ukishamshuku mtu, hata akikupa maji utanusa glasi.

Basi mambo yakaenda hivyo, mpaka mtoto wa Nduku alipougua.

Aliugua mara ya kwanza, Nduku akampeleka kwa Katana bila kumwambia Mbeyu, naye Katana akampa mtoto vijiko vya dawa, na mtoto akachangamka. Nduku akamsifu Katana kwa majirani wote. Baada ya muda homa ikarudi, safari hii na ukali wake. Nduku alimjia Mbeyu mbio, kanga imemwanguka kiunoni.

"Mbeyu, hii mtoto inakataa kunyonya! Ata macho haifungui!"

Mbeyu alimchoma mtoto kidole. Kipimo kilisema malaria kabla hata ya muda wake kwisha. Mtoto akaanza kutupa mikono kwa degedege. Wakampakia kwenye tuktuk na kumkimbiza hospitali, Nduku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kupasuka. Wakampokea, wakamtia dripu. Daktari akauliza kama mtoto amepewa dawa yoyote karibuni, Nduku akasema ya mitishamba tu. Daktari akatikisa kichwa. Alisema homa hii inaonekana kama iliyopigwa kofi ikajificha, haikuuawa, na sasa imerudi na wenzake.

Mbeyu alielewa mara moja. Ndiyo maana kila siku huwaambia watu wavimalize vyote! Kijiko kimoja chenye chembe za kidonge humtuliza mtoto, mama akaridhika, na wadudu wanabaki damuni wakisubiri. Alikuwa bado ameketi kwenye benchi la wodini simu yake ilipolia. Ni Lynnette.

"Dada Mbeyu, uko peke yako?" Sauti ilikuwa ya chini. "Tumepima ule unga. Ndani yake mna dawa ya hospitali. Ile ile unayobeba wewe."

"Labda mti wenyewe unayo."

"Hapana, dada. Kimojawapo cha viini vyake asili yake ni jani, ndiyo, jani la pakanga la Uchina. Lakini cha pili hakiko kwenye mti wowote duniani, kimetengenezwa na watu. Na vyote viwili vimo humo kwenye unga. Kuna mtu anasaga vidonge. Nimekupigia wewe kwanza kabla sijaandika neno."

Mbeyu alishukuru, akakata simu. Mtoto wa Nduku alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku mgonjwa. Hasira ikampanda Mbeyu kutoka miguuni. Hakuwaza kazi yake tena, hakuwaza polisi. Aliwaza kwamba kakake mwenyewe, kwa kutaka kuitwa mzee, angemuua mtoto huyu.

Alipofika nyumbani, watu walikuwa wamejaa uani na chupa zao. Katana amesimama kwenye chungu, anamimina, anataniana na mama mmoja wa Junda.

"Wekeni chupa chini!" Mbeyu alipaza sauti. "Mwawekewa vidonge humo! Huyu ni mwizi. Ameniibia dawa begini, anazisaga, anawauzia. Mtoto wa Nduku yuko hospitali kwa ajili yake!"

Katana aliweka upawa chini polepole. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo Mbeyu alilolikumbuka baadaye. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa na mtu asiyemtarajia.

"Mbeyu. Waniita mwizi mimi? Mbele za watu?"

"Nakuita."

"Nilikubeba mgongoni kwenda chanjo. Ulipoharibikiwa na mimba yako ya kwanza ni nani aliyelala mlangoni kwako? Na leo ni mwizi." Akageukia watu. "Sawa. Mimi siapi kwa mdomo, mdomo ni nyama. Twendeni Junda kwa mzee Munga, tukale kiraho cha papai. Wewe mshtaki ule, na mimi mshtakiwa nile. Atakayevimba ndiye mwongo."

Kwa asiyejua, kiraho ni kiapo cha wazee. Papai hukatwa vipande, mzee akalinenea maneno, na kila mwenye kesi akala kipande chake. Mwenye hatia mdomo humvimba, ulimi ukajaa kinywani. Mchungaji wao alikuwa akikikemea kila Jumapili, na Wagiriama wa kanisa lake walikuwa wakiitikia amina, kisha wakipoteza mbuzi wanakwenda Junda. Mbeyu mwenyewe alikuwa na kitambulisho cha dispensari shingoni. Lakini angesemaje hapana mbele ya watu wale?

"Twende," alisema.

Ni hapo tu alipomwona mama yake, amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika kizingiti. "Msile papai, wanangu," alisema. "Mambo ya ndani humalizwa ndani."

"Yameshatoka nje, mama," alisema Katana. "Aliyeyatoa huyu hapa."

Walikwenda siku ya pili yake asubuhi, na nusu ya mtaa nyuma yao, maana watu wetu kwa kesi ya mwingine hawajambo. Mzee Munga alikuwa mtu mkavu, mfupi, mwenye redio mfukoni. Aliizima. Aliwaketisha Mbeyu na Katana kwenye mkeka mmoja, wakitazamana, na Bibi Sidi pembeni kama mzazi. Akawauliza kila mmoja kama amekuja kwa hiari. Akalipasua papai. Lilikuwa bivu, jekundu ndani, harufu yake ikajaa pale, na Mbeyu akahisi mate ya uchungu kinywani. Je, kama si yeye? Wazo hilo lilimjia hapo kwa mara ya kwanza, limechelewa kama mvua ya baada ya mavuno. Vidonge vinatoka, unga una vidonge, na kati yake na chungu ni nani mwingine... Lakini mzee alishaanza kunena.

"Papai, wewe ni tunda la mtoto na la mzee, humdhuru mtu. Leo nakutuma. Aliyeiba dawa ile, umshike mdomo. Aliyesema uongo juu ya mwenzake, umshike. Na aliyekula cha wizi huo, akavaa kwacho, akasifiwa kwacho, awe alijua au hakujua, umshike, umvimbishe, usimwachie mpaka aseme."

Katana alinyoosha mkono akachukua kipande chake bila kusita. Akakipeleka mdomoni.

Hakikufika. Bibi Sidi, ambaye akiinuka kitini huita Mungu na malaika wote, aliruka pale kama msichana. Alimpiga Katana mkono, akakinyakua kile kipande, akakisukumia kinywani mwake mwenyewe, akameza bila kutafuna. Akachukua na cha Mbeyu, akameza na hicho. Kisha akaketi katikati ya mkeka, baina ya watoto wake, maji ya papai yakimtiririka kidevuni.

"Ni mimi," alisema. "Mniue mimi. Katana hajui kitu."

Watu wakashika vinywa. Mzee Munga alisema kwa utaratibu, "Sema yote, mke wa Kai. Ukibakisha, litakushika."

Akasema. Mti ulikuwa kwenye kile kichaka cha nyuma ya kisima cha zamani. Ulikuwa mmoja tu. Mwaka ule aliofariki mzee, mwenye shamba aliuza ploti, ukaja mtambo wa kusawazisha, na siku Sidi alipokwenda na jembe lake kuchimba alikuta ukuta wa mawe na geti. Alizunguka vichaka vyote hadi Rabai akitafuta mwingine. Hakupata. Alirudi na mizizi ya mti wowote tu, akatwanga, akampa mwanawe, kwa sababu mwanawe alikuwa ameketi kibarazani ameshakuwa maiti, na chungu ndicho kilichobaki.

"Ningemwambiaje? Mgongo umevunjika, mke ameondoka, halafu nimwambie na dawa ya babako imekwisha? Ikawa haishiki, watu wakamcheka, wakasema chungu kimemkataa. Katana, chungu hakikukukataa! Hukupewa dawa. Mimi ndiye niliyekupa kuni." Akajifuta kidevu. "Nikaona kwenye begi la dadako kuna dawa ya homa hiyo hiyo. Nikasema kidogo tu. Nikatwanga pamoja. Sikujua kwamba kidogo huua. Nilidhani kidogo huponya kidogo."

Mbeyu alimtazama mama yake, kisha mikono ya mama yake iliyofungwa juu ya paja. Kucha zilikuwa za manjano. Miezi yote hiyo alichunguza vidole vya kila mtu, na hii mikono iliyompakulia chakula hakuitazama hata mara moja.

Midomo ya Bibi Sidi haikuvimba. Mzee Munga asema ni kwa sababu alikiri haraka, naye akamwahi na maji ya kuvulia kiapo. Mchungaji asema papai ni papai. Watu wa Junda wamegawanyika, na wataendelea kugawanyika.

Siku iliyofuata bibi alijipeleka mwenyewe dispensari, akamweleza nesi kila kitu, amevaa gauni lake la kanisani kana kwamba anakwenda kuzikwa. Nesi alimfokea mpaka akachoka, kisha akamtengea kiti. Begi la Mbeyu likakaa dispensari wakati mambo yakitazamwa, na liliporudi lilikuwa na kufuli na onyo. Mtoto wa Nduku alitoka hospitali amekonda, lakini ananyonya kwa fujo. Nduku alihama. Hakugombana na mtu, alihama tu.

Lynnette naye alikuja, akaambiwa ukweli. Aliuliza maswali machache juu ya majani na maua ya ule mti, Bibi Sidi akayajibu yote, maana siri ya kulindwa haikuwapo tena. Msichana alisema huenda ndugu wa mti huo wamo kwenye misitu ya bara, na angependa wakautafute pamoja. Akataja tena kwamba hata vile vidonge, kiini kimoja chake asili ni jani.

"Basi si nilisema ni mitishamba?" alisema Bibi Sidi, na kwa mara ya kwanza tangu Junda akacheka kidogo. Mbeyu alicheka pia. Katana alikuwa uani akivunja chungu, hakuwasikia.

Ikabaki kazi moja. Wote waliokunywa ile dawa ilibidi watafutwe, wapimwe damu, wenye homa iliyojificha wapewe dozi kamili. Na waliokunywa ni nani? Katana ndiye aliyewajua. Mbeyu alikwenda kumwomba, akisimama mlangoni kama mgeni. Katana alivaa viatu.

Walizunguka pamoja Utange nzima. Na Katana alifanya jambo gumu kuliko kupakua makontena. Kila nyumba aliingia, akaamkia, akasema, "Dawa niliyowapa haikuwa dawa. Nisameheni. Mpeni huyu vidole awapime." Wengine walimtukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka. Hakumtaja mama yake hata nyumba moja. Mbeyu alimfuata nyuma akitaka kusema, na kila akitaka, anafungua begi na kutoa kipimo kingine. Samahani alikuwa ameshaisema tangu siku ile Junda, na kakake aliitikia, "Yamekwisha." Lakini yalikuwa hayajaisha, wote wawili walijua.

Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na kile kisima cha zamani, pale penye ukuta wa mawe, dimbwi lilikuwa limekata njia. Katana aliruka akasimama ng'ambo. Mbeyu alivua viatu, akapandisha leso, na begi likawa linamponyoka begani. Akalinyoosha mbele, kama alivyokuwa akimnyooshea kila kitu tangu utotoni.

"Kaka, nishikie."

Katana aliutazama mkono uliokuwa na begi. Akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Liweke kichwani, Mbeyu," alisema kwa upole. "Mimi begi lako siligusi. Mkono nitakupa, njoo uvuke."

Mbeyu akajitwika begi kichwani, akampa mkono mmoja, akavuka.